Nafasi ni bure: kwa nini mawe ya Kisii yafike ng'ambo vipande?

Twiga wa jiwe la Kisii akivunjika safarini, mara nyingi huvunjika shingoni. Tembo hung'oka ncha ya sikio au mkonga. Ile sanamu ya familia iliyokumbatiana hukatika mikono, na sahani hupasuka katikati. Anayefungua katoni huko Hamburg au Chicago huikuta haina kovu, utepe umekaza, na ndani vipande vimelala vizuri kwenye gazeti vinyago vilimofungwa vikiwa vizima. Hasira ya kwanza humwangukia mchukuzi, eti aliutupa mzigo. Pengine aliutupa kweli. Lakini katoni huandaliwa kwa ajili ya siku ya kutupwa, na nyingi zinazotoka kwetu zimeandaliwa kana kwamba siku hiyo haitafika.

Naandika kuhusu Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii nchini Kenya, kwa sababu ndiko jiwe hili linakochimbwa na kuchongwa, na kwa sababu kazi ya vizazi vya wenyeji wake, Abagusii, inastahili kufika nzima. Kutoka Tabaka ametoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani, Enyamuchera, yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kutoka vilima hivyohivyo hutoka pia maelfu ya vitu vidogo visivyo na jina la msanii: vibakuli, vishikilia mishumaa, viboko wa kukaa mezani, seti za sataranji zenye kete 32. Mapato ya hivi vidogo ndiyo yanayolipa karo Tabaka, na ndivyo vinavyovunjika kwa wingi.

Tazama mikono inayopita juu ya kinyago kimoja. Wachimbaji hulitoa jiwe machimboni kwa sururu na mitaimbo. Mchongaji hulipunguza kwa panga, kisha kwa kisu, kisha kwa ncha kali za kuchimbia macho na mdomo. Jiwe ni laini kiasi hicho, halihitaji mashine. Baada yake wanawake huketi na beseni la maji na msasa, wakaanza na ule wa kukwaruza na kumaliza na ule laini, wakisugua huku maji yakigeuka maziwa, mpaka mikwaruzo ya kisu ipotee. Kinyago hukaushwa, kikapakwa nta au rangi, kikapigwa kitambaa hadi king'ae. Kazi yote hiyo ya siku kadhaa hukabidhiwa mtu wa kufungasha jioni, gari likiwa limekwisha kuwashwa. Hapo ndipo biashara hii inapopoteza fedha yake.

Jiwe lina tabia moja ambayo kila anayelifungasha anapaswa kuijua kabla ya kugusa katoni. Ukilikandamiza, linavumilia mzigo mkubwa ajabu. Ukilikunja au kulivuta, nguvu yake hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi, na mara nyingi chini ya hapo. Ndiyo maana wauza marumaru duniani kote husafirisha bamba zao zikiwa zimesimama kwa ukingo, zimeegemezwa kwenye fremu, na si kulazwa moja juu ya nyingine. Bamba lililolazwa hukunjika kwa uzito wake lenyewe gari likiruka tuta. Sahani ya Kisii ni bamba dogo. Isimame kwa ukingo, ikitenganishwa na mwenzake kwa kadibodi na sponji ngumu. Ukizipanga kwa kulaza, ya chini hubeba uzito wa zote na bado ikunjwe na barabara.

Twiga naye ana shingo ndefu nyembamba iliyobeba kichwa kizito. Akianguka, kiwiliwili husimama mara moja kwa kuwa kimegusa sakafu, kichwa hutaka kuendelea na safari, na shingo iliyo katikati hukunjika. Kumzungushia nailoni nene mwili mzima hakumsaidii, kwa sababu kichwa na kiwiliwili bado kila kimoja kinakwenda kivyake. Kinachomsaidia ni kujaza kwanza pengo lililo kati ya shingo na mgongo, na kati ya miguu, kwa kipande cha sponji kilichokatwa kwa umbo la pengo hilo, kikae bila kusukumwa kwa nguvu. Kisha alazwe kwa ubavu juu ya kitanda cha sponji kilichochimbwa kwa umbo lake, uzito ukibebwa na tumbo na mapaja, shingo ikiungwa mkono kwa urefu wake wote bila kubanwa. Wanaofungasha vitu vya makumbusho hufuata kanuni hiyo: sehemu nene ndiyo ibebe uzito, sehemu nyembamba isibebe chochote isipokuwa nafsi yake.

Kabla ya yote hayo, kinyago kigongwe. Kishike kwa vidole viwili, ukipige taratibu kwa kifundo cha kidole au kijiti. Jiwe zima hutoa mlio safi. Lenye ufa ndani hutoa sauti butu, iliyokufa. Ufa huo huenda ulikuwemo tangu machimboni, au uliingia panga lilipopiga, na msasa na nta vimeuficha macho ya mnunuzi. Barabara itaufichua. Kinyago kinacholia vibaya kiuzwe hapahapa kwa bei ya chini na kwa maelezo ya kweli, kisipandishwe meli.

Sasa tuje kwenye kuanguka kwenyewe. Shirika la ISTA, linalotunga vipimo vya vifungashio duniani, lina kipimo cha msingi ambamo katoni hudondoshwa makusudi. Katoni ya chini ya kilo 10 hudondoshwa kutoka sentimita 76. Ya kati ya kilo 28 na 45 hudondoshwa kutoka sentimita 31 tu. Sababu inatokana na mwili wa binadamu: katoni nyepesi hubebwa begani na kurushwa kwa mkono mmoja, ilhali nzito hunyanyuliwa kidogo na kuburutwa. Kwa hiyo mzigo mdogo ndio unaopata mapigo makubwa. Katoni 20 ndogo zilizofungwa pamoja juu ya paleti, zikazungushiwa nailoni ya kubana na mikanda, hazirushwi na mtu yeyote, kwani hakuna awezaye. Zitanyanyuliwa na mashine. Mwenye vinyago vidogo vingi ana faida kubwa akivisafirisha kama mzigo mmoja mzito kuliko vifurushi vingi vya kwapani.

Chukua tembo wa kilo 3 aliye ndani ya katoni inayodondoka kutoka sentimita hizo 76. Kama amefungwa gazeti jembamba na akasimamishwa ndani ya sentimita 1, kwa kitambo hicho kifupi mwili wake hupokea nguvu sawa na mzigo wa kilo 230 hivi. Kama chini yake pana kitu kinachonywea taratibu kwa sentimita 5, nguvu hiyo hushuka hadi chini ya kilo 50. Tembo ni yuleyule, jiwe ni lilelile, kimo ni kilekile. Tofauti nzima imo katika sentimita 4 za nafasi.

Lakini nafasi hiyo ijazwe na nini? Hapa wengi hudanganywa na nailoni yenye vipovu vya hewa, kwa kuwa inaonekana nene na inapendeza mkononi. Vipovu hivyo ni vya glasi, vya simu, vya vitu vyepesi. Jiwe la kilo kadhaa likikaa juu yake wiki sita huwa kama mtu mnene aliyelalia godoro jepesi: linagusa chaga. Vipovu hupasuka kimoja kimoja, na siku ya kuanguka hakuna kilichobaki. Sponji ya godoro ina kasoro hiyohiyo. Kinachofaa ni sponji ngumu ya plastiki, ile inayorudi polepole ukiiminya kwa kidole gumba, tena iwe na eneo pana chini ya kinyago ili uzito usikae pahali pamoja. Ikikosekana, kadibodi iliyokatwa vipande na kupangwa safu nyingi hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, na Kisii haikosi kadibodi. Nailoni ya vipovu ibaki kazi ya kujaza pembe.

Gazeti lisiguse jiwe. Wino wake huhamia kwenye jiwe jeupe lililopakwa nta, na kontena likipata joto bandarini unaweza kusoma kichwa cha habari kwenye mgongo wa kiboko. Karatasi nyeupe isiyochapwa ndiyo ivae kwanza, kisha mengine yafuate. Wala majani makavu ya migomba na nyasi visitumike, hata kama babu zetu walivitumia na vikafaa kwa safari ya sokoni. Nchi kama Australia haziruhusu nyasi na mabua kutumika kama vifungashio, kwa hofu ya wadudu na magonjwa ya mimea, na mzigo wako utazuiwa kwa sababu ya kitu ulichookota shambani bure.

Adui mwingine ni maji, na haya hayatoki baharini. Yametoka kwenye lile beseni la msasa. Kinyago kilichosuguliwa jana na kufungwa leo kimebeba unyevu, nayo nailoni huufungia ndani, ukaacha madoa kwenye nta. Kontena likiwa kwenye sitaha, mchana hupata joto kali na usiku hupoa, mvuke uliomo ndani hugeuka matone kwenye dari na kudondokea katoni. Kadibodi iliyolowa hulegea, hata katika hewa yenye unyevunyevu mwingi tu hupoteza karibu nusu ya nguvu yake, na katoni ya chini kabisa hubonyea chini ya wenzake. Kinyago kikaushwe siku za kutosha kivulini. Vifuko vya chembe za kunyonya unyevu viwekwe ndani ya kontena. Katoni iwe ya kuta mbili, na katoni za juu zikae sawasawa juu ya za chini, pembe kwa pembe, maana nguvu ya katoni imo pembeni mwake.

Nimesikia jibu la wafungashaji na wauzaji kwa haya yote, na ni jibu la watu wanaohesabu senti: sponji inakula nafasi, na nafasi ya meli ni pesa. Kwa vikapu na vyondo ni kweli. Kwa mawe si kweli, na hili ndilo ningependa lijulikane Tabaka nzima.

Nauli ya mizigo hupigwa kwa uzito au kwa ujazo, kile kinachozidi. Melini, mzigo wa kuchangia kontena hulipiwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, tani moja ikihesabiwa sawa na mita moja. Mita moja ya ujazo ya jiwe la namna hii ina uzito wa takriban tani 2.7. Ukiwa na kilo 500 za vinyago, jiwe lenyewe halifiki hata robo ya mita ya ujazo, lakini utalipia nusu tani vyovyote vile. Maana yake nusu mita nzima ya ujazo ni yako kwa bei ileile, na zaidi ya nusu ya nafasi hiyo inaweza kuwa sponji na kadibodi bila nauli kupanda kwa chochote zaidi ya uzito mdogo wa vifungashio.

Kwa ndege hesabu inakufaa hata zaidi. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000 kupata kilo za kulipia. Katoni ya sentimita 40 kwa 35 kwa 35 hutoa kilo 9.8. Weka ndani yake kilo 10 za vinyago: jiwe litajaza chini ya lita 4 katika katoni ya lita 49. Lita 45 zilizobaki hazikugharimu nauli hata senti moja. Bado utaona kilo hizo 10 zimesukumwa kwenye kikatoni kidogo kilichofura ubavu, tembo amegusana na tembo, mkonga wa huyu umo jichoni mwa yule, na mwenye mzigo anaamini ameokoa fedha. Hakuokoa kitu. Ametupa nafasi aliyokwisha kuilipia.

Hata anayekodi kontena zima la futi 20 yumo katika hesabu hiyo. Kontena hilo lina takriban mita 33 za ujazo ndani. Tani 20 za jiwe tupu hazijazi hata mita 8. Uzito utakufikisha kwenye kikomo muda mrefu kabla ya kujaza nusu ya sanduku. Kazi iliyobaki ni kuutandaza uzito huo sakafuni, usilundikwe mlangoni au pembe moja, na kuufunga usitembee. Miongozo ya kimataifa ya upakiaji wa kontena hukadiria kwamba katika bahari mbaya mzigo unaweza kusukumwa ubavuni kwa nguvu inayofika asilimia 80 ya uzito wake. Paleti ya tani moja isiyofungwa itakwenda kumwona jirani yake. Na uzito utangazwe kwa ukweli: tangu Julai 2016 sheria za usalama baharini zinataka kila kontena lipimwe na uzito wake uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini, hivyo makisio ya macho hayapiti tena Mombasa.

Kwa vinyago vikubwa, vya kilo 100 na kuendelea, katoni haina kazi. Hapo ni sanduku la mbao lenye miguu, ili mashine ya kunyanyulia ipate pa kuingiza meno yake. Kifuniko kifungwe kwa skrubu. Misumari hupigwa kwa nyundo, na kila pigo huingia kwenye jiwe wakati wa kufunga na tena wakati wa kufumua. Mbao nzima lazima ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini chake kwa dakika 30 mfululizo, na kupigwa muhuri wa kimataifa unaoonyesha hivyo, la sivyo mzigo unaweza kurudishwa au kuchomwa mbao zake huko uendako. Nchini Kenya usimamizi wa jambo hilo uko chini ya shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS. Plaiwudi haimo katika sharti hilo, kwa sababu hutengenezwa kwa joto na gundi, na kwa anayetuma masanduku machache ndiyo njia rahisi.

Afrika yetu ina mfano mkubwa wa kazi hii ikifanywa kwa heshima. Mnara wa jiwe wa Aksum, wenye urefu wa mita 24 na uzito wa tani 160 hivi, ulichukuliwa na majeshi ya Italia mwaka 1937 na kusimamishwa Roma. Ethiopia iliudai kwa miongo mingi. Ulipokubaliwa kurudi, wahandisi waliutenganisha vipande vitatu, na mwaka 2005 ndege kubwa aina ya Antonov 124 ikavileta kimoja kimoja hadi Aksum, kwa safari tatu. Mwaka 2008 ukawa umesimama tena kwao. Hakuna aliyeuliza kama fremu na vishikizo vinakula nafasi. Ndege nzima ilikuwa kifungashio cha jiwe moja. Sidai kwamba kiboko wa Tabaka apewe Antonov, ila aliyemchonga anastahili fikra ileile kwa kiwango chake.

Wanaonunua vinyago viwili vitatu kwa ajili ya ndugu walio Doha au Toronto wana njia fupi. Kinyago kivae karatasi safi, kisha sweta au kanga mbili tatu, kikae katikati ya begi upande wa magurudumu, kisigusane na ukuta wowote wa begi wala na kinyago kingine. Kete za sataranji kila moja ivae soksi yake. Kile chenye shingo nyembamba kibebwe mkononi.

Limebaki suala la nani hubeba hasara. Wengi hujituliza kwa bima. Lakini masharti ya bima ya mizigo ya London, yanayotumika karibu kila bandari, hata katika daraja lake pana kabisa yanakataa kulipa hasara iliyotokana na ufungashaji hafifu. Mkadiriaji akifungua katoni na kukuta tembo aliyevaa gazeti, faili limefungwa. Mnunuzi naye hukata thamani ya vilivyovunjika kwenye malipo yanayofuata. Muuzaji wa katikati hukata kwa kikundi cha Tabaka, na kikundi hukata kwa mchongaji na kwa yule mama wa msasa, ambao hawajawahi kuiona hiyo katoni ikifungwa. Waliofanya kazi yao vizuri ndio wanaolipa.

Kwa hiyo nawaomba wenye vikundi na wauzaji: andikeni gharama ya ufungashaji kwenye ankara kama mstari wake wenyewe, si kitu cha kufinywa ndani ya bei ya kinyago. Mlipeni mfungashaji kwa siku, si kwa idadi ya katoni, maana anayelipwa kwa katoni atakimbia. Mpeni nafasi aketi na mchongaji kabla ya agizo kubwa kuanza, waambiane ni sikio lipi liletwe karibu na shingo na mguu upi uongezwe unene. Dondosheni katoni moja wenyewe kutoka kimo cha kiuno, mfungue, muone, kabla ya kutuma mia. Pigeni picha kila hatua. Na wewe mnunuzi uliye ng'ambo, ukiuona mstari huo wa ufungashaji kwenye ankara yako, ulipe bila kuukata. Nauli ya nafasi hiyo umekwisha kuilipa, kilichobaki ni bei ya sponji na ujira wa siku wa mtu mmoja huko Tabaka.